Rubani Akisema "Leo Hatuendi", Tumshukuru



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, chanjo, lishe ya watoto na maji safi. Mwezi huu tungependa kuzungumzia jambo ambalo huenda wengine wataona haliko mahali pake: safari za ndege ndogo wakati hali ya hewa ni mbaya. Kwa hakika jambo hili ni la afya. Ziko parokia za mbali ambako barabara hukatika wakati wa masika, na ndege ndogo ndiyo inayoleta daktari, chanjo na dawa, na kumchukua mgonjwa aliyezidiwa. Ndege za namna hiyo huwabeba pia Maaskofu, mapadre, masista na walei wenye shughuli zao.

Wakati wa mvua hutokea ubishi ule ule. Watu wamejiandaa, mizigo imefungwa, mgonjwa amelazwa kwenye machela. Rubani anatazama mlima uliofunikwa, anapiga simu huku na huko, kisha anasema, "Leo hatuendi." Hapo manung'uniko huanza. Mmoja anasema mbona jua linawaka hapa tulipo. Mwingine anasema rubani wa juzi alikuwa hodari kuliko huyu. Wa tatu anamwambia kwamba mgonjwa akifa, damu yake itakuwa juu yake.

Maoni yetu ni haya: kumshurutisha rubani ni hatari kwa afya kama ilivyo hatari kumnywesha mgonjwa dawa asiyoandikiwa. Familia za Kikristo hazina budi kujifunza mambo mawili: kulipokea neno "hapana" la rubani bila ugomvi, na kupanga mambo yao mapema ili uhai wa mtu usitegemee ndege moja na siku moja.

Ndege hizi zililetwa na huruma

Hatusemi haya kwa kuzidharau ndege ndogo. Kanisa lenyewe lina historia nzuri katika jambo hili. Mwaka 1925 mmisionari Mjerumani wa shirika la Waoblati, Padre Otto Fuhrmann, alifariki katika nchi ambayo leo ni Namibia, akiwa mbali na hospitali, bila chombo cha kumfikisha upesi. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani, aliumia moyoni. Mwaka 1927 alianzisha shirika la MIVA kwa ajili ya kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Mwaka 1938 yeye mwenyewe alirusha ndege hadi Arctic Bay, kaskazini kabisa mwa Kanada, akamchukua mmisionari mwenzake aliyekuwa mgonjwa sana.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao, ambayo leo tunaifahamu kwa jina la AMREF. Watu wengi wamepona kwa sababu ya ndege hizo. Basi tunachosema ni kwamba huruma ile iliyoileta ndege isigeuke kuwa sababu ya kuiangusha.

Kwa nini mawingu ni hatari

Wengi hudhani kwamba rubani huogopa upepo na radi tu. Upepo na radi ni hatari, ndiyo. Wingu la radi lina hewa inayopanda na kushuka kwa nguvu kubwa, na ndege ndogo humo ni kama jani mtoni. Lakini hata wingu tulivu, lisilo na mvua wala ngurumo, linaweza kuua.

Sababu imo katika mwili wa binadamu. Ndani kabisa ya sikio tuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Mtu anapogeuka, majimaji hayo hucheza, na ubongo hupata habari kwamba mwili unageuka. Wazazi mmewaona watoto wakicheza mchezo wa kuzunguka. Mtoto akizunguka mara nyingi kisha akasimama ghafla, huona dunia nzima inazunguka, akapepesuka na kuanguka. Sikio linamdanganya. Hapo uwanjani macho yake humsaidia: akitazama mti au nyumba kwa muda, kizunguzungu huisha.

Rubani akiwa ndani ya wingu hana mti wala nyumba ya kutazama. Kila upande ni weupe mtupu. Ndege inaweza kuinama polepole upande mmoja, na sikio lisitambue. Yeye anaona ameketi wima, kumbe anashuka akizunguka. Rubani aliyefundishwa kuruka kwa kufuata vyombo peke yake anaweza kuepuka mtego huo, maana anaamini vyombo vyake kuliko mwili wake. Hata hivyo, vyombo havitoshi mahali ambapo kiwanja ni cha nyasi, hakina taa wala mitambo ya kumwongoza rubani kutua. Hapo ni lazima auone uwanja kwa macho, na vilima vinavyouzunguka pia.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kiliwajaribu marubani wanafunzi 20 ambao hawakuwa na mafunzo ya kutosha ya kuruka kwa vyombo. Walifanywa wawe kama watu walioingia ndani ya mawingu, mwalimu akiwa karibu kuwaokoa. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178 tu, yaani muda usiotimia dakika tatu.

Mwili unawadanganya hata watu wakubwa wa dunia hii. Tarehe 16 Julai 1999 John F. Kennedy mdogo, mtoto wa Rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963, aliruka usiku na ndege yake mwenyewe, pamoja na mkewe na shemeji yake. Walikuwa wakienda kwenye harusi ya ndugu. Kulikuwa na utusitusi juu ya bahari, na rubani hakuweza kutofautisha maji na mbingu. Wote watatu walikufa. Wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo. Ndege yake haikukutwa na ubovu.

Sisi Watanzania hatujasahau asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, siku ya Dominika, ndege ya abiria yenye watu 43 ilipotumbukia katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walifariki. Ile ilikuwa ndege ya shirika, yenye marubani wawili na injini mbili. Ndege ya injini moja na rubani mmoja ina nafasi ndogo zaidi ya kujiokoa.

Shinikizo lisilosemwa

Huenda msomaji akasema, "Mimi sijawahi kumlazimisha rubani yeyote." Vema. Lakini liko shinikizo lisilotamkwa kwa kinywa.

Tarehe 26 Januari 2020 mchezaji maarufu wa mpira wa kikapu, Kobe Bryant, aliyekuwa Mkatoliki, alifariki karibu na Los Angeles pamoja na binti yake wa miaka 13 na watu wengine saba. Walikuwa katika helikopta wakielekea kwenye mashindano ya watoto. Kulikuwa na mawingu yaliyofunika vilima. Rubani wao alikuwa na uzoefu mwingi. Aliingia mawinguni, akapoteza mwelekeo. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2021 ilisema kwamba hakukuwa na ushahidi wowote wa mtu kumlazimisha. Yaelekea alijishurutisha mwenyewe, kwa kutaka kumfikisha mteja wake ambaye walikuwa wamezoeana.

Tutafakari jambo hilo. Kama mtu aliyependwa na asiyelazimishwa anaweza kujishurutisha hivyo, itakuwaje kwa rubani anayezungukwa na ndugu wanaolia? Itakuwaje kwa rubani anayemleta Askofu kwenye Kipaimara, naye anajua kwamba ng'ombe amechinjwa, kwaya imefanya mazoezi mwezi mzima na watoto wamevaa nguo nyeupe tangu alfajiri? Hakuna aliyemwambia neno, lakini anaisikia sauti ya parokia nzima masikioni mwake. Tungewaomba basi viongozi wa Halmashauri ya Walei waseme mapema, tena kwa sauti: "Rubani, ukiona mbingu si nzuri, usije. Sherehe tutafanya siku nyingine." Maneno hayo yanamwondolea mzigo mkubwa.

Katika huduma nyingi za ndege za wagonjwa huko Marekani umewekwa utaratibu wa busara. Rubani haelezwi habari za mgonjwa kabla ya kuamua kuhusu hali ya hewa. Hajui kama ni mtoto au mzee, wala kama anakufa au ana nafuu. Anaulizwa tu: kutoka hapa kwenda pale, kunapitika? Aidha, wanaosafiri pamoja kuhudumu, yaani rubani na wahudumu wawili wa afya, wana kanuni kwamba wote watatu wakikubali ndipo safari iwepo, na mmoja akikataa, hakuna safari, wala haulizwi kwa nini ni mwoga.

Sisi tunaona utaratibu huo unafaa kuigwa hata kijijini. Mganga wa zahanati azungumze na daktari wa hospitali juu ya hali ya mgonjwa. Rubani aulizwe habari ya mbingu peke yake. Ndugu wasimpigie rubani simu wakilia, wala wasimtumie picha ya mtoto mgonjwa. Hatusemi kwamba machozi yao hayana maana. Yana maana sana, na ndiyo sababu yasimfikie mtu ambaye saa ile anahitaji akili iliyotulia.

Tuongeze jambo moja juu ya ukweli. Mara nyingi rubani hupiga simu parokiani kuuliza: mawingu yako wapi, vilima vinaonekana, kiwanja kina maji, kuna mifugo? Anayejibu aseme anachokiona, si anachokitamani. Kusema "huku kweupe" wakati kilima cha pili hakionekani, ili ndege ije, ni kusema uongo unaoweza kuua. Amri ya nane na amri ya tano zinakutana hapo.

Imani si kumjaribu Mungu

Wako watakaosema, "Tusali, Mungu atatulinda." Tusali, ndiyo. Lakini tukumbuke kwamba Shetani alipomtaka Bwana wetu ajirushe kutoka juu ya hekalu kwa kutegemea malaika, Yesu alikataa. Alituonyesha kwamba kumtumaini Mungu si sawa na kumjaribu.

Hali kadhalika tusome tena safari ya Mtakatifu Paulo kwenda Roma, katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Majira ya kusafiri yalikuwa yamepita. Paulo alionya kwamba safari ingeleta hasara. Hawakumsikiliza, kwa kuwa bandari waliyokuwamo haikufaa kukaa wakati wa baridi, nao walitamani kufika mahali pazuri zaidi. Merikebu ikavunjika. Mungu kwa rehema yake aliwaokoa watu wote 276, lakini merikebu na shehena vilipotea. Wale mabaharia hawakuwa wajinga. Walichoshwa na kungoja tu, kama tunavyochoshwa sisi.

Lakini mgonjwa je?

Hili ndilo swali zito, nasi hatutaki kulikwepa. Kungoja nako kunaua. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili. Mtoto mwenye malaria kali hawezi kungoja mawingu yaondoke. Je, tumwambie baba wa mtoto huyo kwamba avumilie?

Jibu letu ni kwamba ndege ikianguka hatupati mgonjwa mmoja aliyepona. Tunapata jeneza la mgonjwa, la rubani, la muuguzi na la ndugu aliyemsindikiza. Tena wagonjwa wa kesho na keshokutwa hawatakuwa na ndege. Hata hivyo, "hapana" ya rubani haina maana ya kukaa mikono mitupu. Yako mambo ya kufanya.

Kwanza, matibabu yaanze hapo hapo. Mtoto wa chini ya miaka sita mwenye malaria kali asiyeweza kumeza anaweza kupewa na mhudumu wa afya artesunate ya kuweka njia ya haja kubwa, kisha apelekwe hospitali mara nafasi ipatikanapo. Mama anayetokwa na damu apewe na mkunga dawa za kukaza mji wa mimba, na daktari aombwe ushauri kwa simu. Mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto. Aliyevunjika afungwe vibao.

Pili, tutafute njia ya pili bila kukawia. Pengine gari linaweza kumfikisha mgonjwa kwenye kiwanja kingine, upande wa pili wa mlima, ambako kuna kweupe. Mara nyingi ukungu wa asubuhi huondoka jua likipanda, na mawingu ya radi hujijenga mchana. Kwa hiyo nafasi nzuri inaweza kupatikana kati ya saa tatu na saa sita, na mgonjwa awe tayari kiwanjani, mifugo ikiwa imeondolewa.

Tatu, nalo ndilo kubwa, tupange kabla. Kinga ni bora kuliko tiba. Mama mjamzito aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, au aliyewahi kutokwa na damu nyingi, asingojee uchungu umkute ng'ambo ya mto wakati wa masika. Aende wiki kadhaa mapema akakae karibu na hospitali, kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito au kwa jamaa. Akina baba, hapo ndipo mahali pa kutumia fedha na ukali wenu, siyo kiwanjani mbele ya rubani. WAWATA na Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kuwa na orodha ya akina mama hao, mfuko mdogo wa nauli, na majina ya watu walio tayari kutoa damu. Parokia yenye orodha hiyo haitaishi kwa kutazama mawingu.

Kwa anayesafiri

Tumalize na mashauri machache kwa yeyote atakayepanda ndege ndogo.

Beba dawa zako za kila siku mkononi, siyo kwenye mzigo, na ziwe za siku tatu au nne zaidi ya safari uliyopanga. Hili ni la lazima kwa wenye kisukari, kifafa, shinikizo la damu, pumu na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ndege ikizuiwa na mvua, usipitishe siku bila dawa. Insulini ikikaa nawe kijijini, iweke mahali pa baridi, kwa mfano ndani ya kikopo kikavu kilichowekwa katika chungu chenye maji, mbali na jua.

Mwambie daktari kwamba utasafiri kwa ndege ndogo. Nyingi kati ya hizo hazihifadhi hewa ndani kama zifanyavyo ndege kubwa. Rubani akipanda hadi futi 10,000, yaani kama mita 3,000, ili apite juu ya milima, oksijeni unayoipata katika kila pumzi ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Mtu mzima mwenye afya huvumilia kwa muda. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, seli mundu, nimonia kali au ugonjwa wa moyo anaweza kudhurika. Hali kadhalika aliyeumia kifua au aliyepasuliwa tumbo karibuni, kwa sababu hewa iliyonaswa mwilini huvimba kadiri ndege inavyopanda.

Mama mwenye mtoto amnyonyeshe ndege inaposhuka, ili masikio yasimwume. Kula chakula chepesi kabla ya safari. Ukisikia kichefuchefu, tazama mbali, kule ambako mbingu na nchi vinakutana.

Na usipange jambo lisiloweza kuahirishwa siku ile ile ya kufika. Anayekwenda kwenye harusi, mtihani au siku ya kuonana na daktari bingwa aondoke siku moja au mbili kabla. Mwenye siku ya akiba hana sababu ya kumbembeleza rubani.

Ndugu wasomaji, rubani anayesema "leo hatuendi" anajua kwamba atalaumiwa. Anajua pia kwamba mbingu ikifunguka baada ya saa moja watamcheka. Anasema hivyo kwa sababu amehesabu roho zilizo ndani ya ndege, na yake ikiwa mojawapo. Tunawaomba wazazi, makatekista na viongozi wa Jumuiya mlizungumze jambo hili nyumbani kabla ya masika. Na siku rubani atakapokataa kuruka, mpeni kiti na chai ya moto, kisha mrudi haraka kwa mgonjwa, maana huko ndiko kuna kazi.